Idhaa ya Taifa na Masikio ya Kusini: Tarehe ya Watangazaji wa Radio Tanzania Ilivyosikika Mtwara

Kabla ya kuwako kwa chombo cha kunena kupitia mawimbi, habari ziliingia pwani ya Mikindani kwa pepo mbili, kaskazi na kusi, na nahodha aliyetia nanga aliulizwa kwanza habari za bandari alikotoka, kisha ndipo akaulizwa shehena. Habari zilizohusu mji wenyewe zilikwenda kwa pembe la mbiu, akilipiga mtu aliyejulikana kwa jina na kwa ukoo, mwenye sauti ya kufika nyumba ya mwisho na amana ya kutosema zaidi ya alilotumwa. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu sifa hizo mbili, sauti na amana, ndizo zitakazotuongoza katika tarehe hii, na mtangazaji wa taifa letu alipokuwa nazo zote mbili, watu wa kusini walimwamini kama walivyomwamini mpiga mbiu wao.

Mji wa Mtwara ni mdogo kwa umri kuliko Mikindani. Ulizaliwa na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuanguka miaka michache baadaye, ukatuachia bandari ya maji marefu na reli ya kwenda Nachingwea ambayo nayo haikudumu. Mwaka 1951, mradi huo ukiwa mahututi, Waingereza hao hao walifungua Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo ambacho mwaka 1956 kilipanuliwa kuwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Uhuru ulipopatikana, na baada yake Muungano, serikali ililivunja shirika hilo mwaka 1965 na kuiweka idhaa chini yake moja kwa moja, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Uamuzi huo ulikuwa na faida zake na madhara yake. Faida zilionekana upesi. Madhara yalikaa yakingoja.

Ili msomaji wa leo aelewe idhaa hiyo ilikuwa nini kwetu, lazima akumbuke kwamba kati ya Mtwara na makao makuu ya nchi ulikuwako mto Rufiji usio na daraja, na udongo wa Kilwa na Lindi uliomeza magurudumu masika yakiingia, hata mkoa mzima ukakaa miezi bila gari kutoka kaskazini, ukitegemea meli na ndege. Gazeti la Uhuru lilifika habari zake zikiwa zimechakaa. Hali hiyo haikuanza kulegea mpaka daraja la Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Katika miaka yote ya kutengwa kule, sauti iliyotoka studio za Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, ikapokewa na kurushwa upya na mtambo wa masafa ya kati wa Nachingwea, ndiyo barabara pekee iliyopitika mwaka mzima. Mvuvi wa Msimbati, mkulima wa korosho wa Newala na karani wa bandari walisikia taarifa ile ile, kwa saa ile ile, kwa maneno yale yale. Mimi naona kwamba umoja wa taifa, kwa mtu wa kusini, ulianzia sikioni.

Redio za National na betri zake, zilizounganishwa Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita tangu miaka ya 1960, zilienea hata katika vijiji visivyo na zahanati. Si kila nyumba iliyokuwa na redio, na kwa hiyo kusikiliza kulikuwa jambo la baraza: mwenye chombo alikiweka mahali pa wote, na wakati wa taarifa ya habari mtoto aliyepiga kelele alikemewa na mtu yeyote aliyekuwa karibu. Baada ya taarifa yalikuja Mazungumzo Baada ya Habari, na wazee waliyajadili hata redio ikiwa imezimwa ili betri isimalizike. Mbiu ya Mikoa ilileta habari za mikoani, na siku jina la wilaya yetu lilipotajwa, watu walijiona wamo. Malenga Wetu iliwafundisha vijana wa Kimakonde, Kiyao, Kimwera na Kimakua mizani na vina bila darasa. Na matangazo ya vifo, ambayo leo mtu aweza kuyadhania madogo, yalikuwa nguzo ya jamii, maana mtu wa Tandahimba aliyefia Tanga aliweza kuzikwa na nduguze wakijua, au wakaanza matanga siku hiyo hiyo, kwa sababu tu jina lake lilisomwa kwa taadhima na mtu asiyemfahamu.

Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Makundi ya wasikilizaji yalikusanyika nchi nzima na kitabu mkononi, yakisikiliza kipindi, kisha yakitoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Waliohudhuria walikadiriwa kuwa kama milioni 2. Wataalamu wa elimu walikuja kutoka mbali kuchunguza namna redio ilivyoweza kuinua majembe ya watu wengi kiasi hicho. Sababu yake kwangu haina siri: aliyesema alitazamia kujibiwa. Kundi la kijiji lilisikiliza, likabishana, likaandika, na idhaa ilijua kuwa yuko mtu upande wa pili.

Lakini fahari kubwa ya idhaa hiyo, kwa sisi tukaao jirani na mlango wa Ruvuma, ilikuwa vita vya ng'ambo. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, na Septemba 1964 ikaanza kupigana na Wareno katika Cabo Delgado, nchi ya jamaa zetu, kwani mto ule haukupata kuzigawa koo za Wamakonde wala za watu wa pwani ila katika ramani. Wakimbizi walivuka kwa mitumbwi. Majeruhi walitibiwa katika hospitali ya FRELIMO pale Mtwara, iliyopewa jina la Américo Boavida, tabibu wa Angola aliyeuawa katika vita vya ukombozi wa nchi yake. Wapiganaji walifunzwa Nachingwea. Na kutoka Dar es Salaam, Idhaa ya Nje ya Radio Tanzania ilivifungulia vyama vya ukombozi milango ya studio, FRELIMO wakasema na watu wao kwa Kireno na kwa lugha za nyumbani, kama walivyofanya pia ndugu wa Afrika Kusini, Zimbabwe, Namibia na Angola, kila chama kwa wakati wake. Mreno alikuwa na ndege, mabomu ya ardhini na polisi wa siri, wala hakuwa na namna ya kulizuia wimbi la redio lisivuke mto. Asikilizaye ng'ambo alisikiliza redio ikinong'ona, akihatarisha nafsi yake. Asikilizaye upande wetu alijua kuwa redio iliyo mbele yake ni silaha, na kwamba nchi yake ndiyo iliyoishika. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, alipouawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, Dar es Salaam, tarehe 3 Februari 1969, na Samora Machel, mrithi wake, aliposafiri kutoka Ruvuma mpaka Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwaka 1975 kwenda kupokea uhuru, wakazi wa Kitaya na Kilambo hawakuhitaji kuelezwa na mgeni maana ya mambo hayo.

Sasa niseme juu ya watu wenyewe, kwa maana mitambo haina ufasaha. Paul Sozigwa, aliyepata kuiongoza idhaa kabla ya kuwa mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere, na David Wakati, aliyekuwa mkurugenzi wake baadaye, waliweka kanuni ambayo waliowafuata waliishika kama amali ya ukoo: Kiswahili kinachotamkwa studioni kieleweke Kigoma na Mikindani, wala kisimwaibishe mwenye lugha. Deborah Mwenda alisimulia hadithi katika Mama na Mwana, na kizazi kizima cha watoto kikatulia. Ahmed Jongo alitangaza mpira hata mtu asiyepata kuuona Uwanja wa Taifa akaujua ulivyo. Ben Kiko alileta habari kutoka uwanja wa vita vya Kagera kwa namna ambayo wazee bado huiigiza. Wako Edda Sanga, Tido Mhando, Abisai Steven, Julius Nyaisanga, Charles Hillary, na wengine ambao nikiwataja wote makala haitaisha. Sauti zao hazikufanana hata kidogo, lakini walishiriki heshima moja, kwamba asikilizaye ni mtu mzima mwenye akili. Kijana aliyeajiriwa aliketi kwanza miguuni pa mkongwe, akasahihishwa matamshi, akakatazwa kusoma mpaka aelewe anachokisoma. Ulikuwa uanagenzi kamili, kama ule wa waunda majahazi, ambao mtoto hukabidhiwa tezo baada ya kutazama siku nyingi.

Anguko la mila hiyo halikuja kwa dhoruba. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo vya watu binafsi, na kuanzia 1994 Radio One, ITV na wenzao walianza kusikika. Sina neno baya juu ya uhuru huo. Nchi iliuhitaji, kwa maana idhaa iliyokuwa idara ya serikali ilikuwa imezoea kumsifu mkubwa kabla ya kumhabarisha mdogo. Lakini vituo vipya vilikuja na mishahara, na wakongwe walihama mmoja mmoja: Nyaisanga akaenda Radio One, Hillary naye, kisha akaendelea mpaka Ulaya; Tido Mhando alikuwa amekwisha kuhamia BBC. Waliobaki walizeeka na vinasa sauti vyao, na mlolongo wa mwalimu na mwanafunzi ukakatika pasipo yeyote kutoa amri ukatike. Televisheni ya Taifa ilianza mwaka 2000. Redio na televisheni zikaunganishwa kuwa Taasisi ya Utangazaji, kisha Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Majina yalibadilika upesi kuliko mitambo.

Tido Mhando alirejea mwaka 2006 kuiongoza taasisi hiyo, na kwa kitambo watu walidhani mti ule utachipua. Katika uchaguzi wa 2010 shirika liliwapeleka wagombea mbele ya wapiga kura wao majimboni, waulizwe na kujibu hadharani. Mkataba wake ulipomalizika mwishoni mwa mwaka huo haukuongezwa.

Nafika 2013, mwaka ambao mtu wa Mtwara hawezi kuupita kimya. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa 1982, ilikuwa imeanza kuzungumziwa kusafirishwa kwa bomba la kilomita zaidi ya 500 mpaka Dar es Salaam, na watu wa kusini walitaka kujua watabakiwa na nini. Tarehe 22 Mei bajeti ya nishati iliposomwa Bungeni na kuthibitisha bomba, mji ulilipuka. Watu walikufa, majengo yalichomwa, jeshi likaletwa. Miongoni mwa nyumba zilizoteketezwa ilikuwamo ya mwandishi wa shirika la utangazaji la taifa. Tendo hilo ni ovu na silitetei: mwandishi yule hakuchora bomba lolote. Walakini mwanatarehe hana ruhusa ya kulifumbia macho. Miaka 40 kabla yake, mtu wa Radio Tanzania akipita kijijini na kinasa sauti chake alipishwa kiti na kuletewa madafu. Hasira iliyowasha moto ule ilitokana na imani kwamba sauti ya taifa sasa inatoka upande mmoja tu, kwamba inaleta kauli ya Dodoma na Dar es Salaam kwetu, ilhali kauli yetu haiipeleki kule. Miezi mingi watu walikuwa wameandamana na kuuliza, na majibu waliyoyasikia hewani yalikuwa ya kuwaeleza walivyokosea.

Sauti ile ya upande mmoja ilizidi: Januari 2016 serikali ilitangaza kuwa TBC haitaonyesha tena vikao vya Bunge moja kwa moja kama ilivyozoea, kwa hoja ya gharama. Waziri aliyelitangaza hilo, Nape Nnauye, alikuwa mbunge wa Mtama, Lindi, jirani yetu kabisa.

Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma kutoka Cabo Delgado wakakishambulia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Habari zilienea kwa simu, kwa picha zilizopigwa na wauaji wenyewe, na kwa idhaa za nje, na siku kadhaa zilipita kabla ya Mkuu wa Polisi kuthibitisha mbele ya waandishi. Mto ni ule ule na kijiji ni kile kile kilichokuwa kikisikiliza vita vya FRELIMO kila jioni katika redio ya nchi yake. Safari hii vita vilipofika mlangoni, mwananchi alilazimika kuuliza ng'ambo.

Leo Mtwara ina Safari FM, Pride FM, Jamii FM, na vijana wake wanajitahidi. Wanajua bei ya korosho na wanaijua lafudhi ya wasikilizaji wao. Wanachokikosa ni mkongwe wa kuwasahihisha, na mkongwe huyo anazidi kuwa adimu. Nyaisanga alifariki 2013, Sozigwa 2017, Hillary Mei 2025. Katika ghala la kanda la Barabara ya Nyerere, ambayo ndiyo Pugu ya zamani, zimo ngoma za kusini, hotuba, ushairi na sauti za wapigania uhuru wa Msumbiji, na juhudi za kuzihamisha katika mfumo wa kidijiti zilianza miaka ya 2010 zikaenda kwa kusuasua. Kanda yenyewe haisemi ni nani aliyenena ndani yake, wala ni kijiji gani ngoma ile ilipigwa. Wanaoweza kulisema hilo ni mafundi na watangazaji waliostaafu, na wangali wako wachache. Hao ndio wa kuketishwa mbele ya mashine mwaka huu huu, kila mmoja na karani wa kuandika, kabla ya kununuliwa mtambo mwingine wowote.