Kibati cha Mlangoni

Katika karne ya 19 viwanda vya Glasgow, mji wa Uskoti, viliwavuta watu wengi kuliko nyumba zilizokuwapo. Wenye nyumba wakagawanya majengo ya kale kuwa vyumba vidogo, na jamaa nzima ikalala katika chumba kimoja. Homa iletwayo na chawa ikaenea.

Mwaka 1862 sheria iliipa serikali ya mji uwezo wa kupima vyumba hivyo. Mlangoni kilipigiliwa kibati chenye idadi ya watu walioruhusiwa kulala ndani. Mtoto wa chini ya miaka 8 alihesabiwa kuwa nusu mtu. Usiku wa manane wakaguzi walibisha hodi na kuhesabu. Waliozidi walijificha kabatini, chini ya kitanda, hata juu ya paa.

Tazameni ni nani aliyejificha: si mwenye kupokea kodi ya nyumba, bali mpangaji asiye na pa kwenda. Kwa sheria ya 1866 mji ulinunua na kubomoa vichochoro vibaya zaidi. Lakini nyumba mpya zilichelewa, na wengi walioondolewa wakasongamana katika mitaa mingine. Ni mwaka 1919 tu ambapo sheria ilizipa halmashauri za Uskoti wajibu wa kujenga nyumba za kupangisha.

Kuwahesabu waliolala ni mwanzo wa haki, si ukamilifu wake. Amtoaye maskini katika nyumba mbovu ana deni la kumfungulia mlango mwingine.