Muwasho Hauonekani: Jinsi Neno la Mgonjwa Lilivyopata Kuwa Kipimo



Somo hili ni la historia ya afya, nalo lawahusu hasa watu wa Mbeya na Iringa. Swali letu ni hili: maneno ya mgonjwa juu ya hali yake mwenyewe yaweza kuwa kipimo cha kweli, kama homa ipimwavyo kwa kipimajoto? Wako wasemao kwamba hayawezi, kwa kuwa wagonjwa wengine hutia chumvi na wengine huficha. Lakini wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tutazame historia ya ugonjwa wa usubi, tuone ni nani aliyesema kweli.

Usubi ni inzi wadogo weusi ambao huzaliana katika maji yaendayo kasi. Mito ya Rungwe, kama vile Kiwira, Mbaka na Lufilyo, iteremkayo kwenda Ziwa Nyasa, ina maji ya namna hiyo. Inzi hao wakiuma watu huwaambukiza minyoo. Minyoo mikubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi na kuzaa vijiminyoo visivyoonekana kwa macho. Vijiminyoo hivyo hutembea ngozini, na vinapokufa huleta muwasho mkali. Vikifika machoni, baada ya miaka mingi vyaweza kumpofusha mtu.

Kwa muda mrefu wakubwa wa afya walihesabu upofu zaidi ya jambo lingine lolote, kwa sababu kipofu huonekana. Mwaka 1974 mpango mkubwa wa kupigana na ugonjwa huu ulianza Afrika Magharibi, katika nchi za mbuga, ambako watu wengi walipofuka. Mahali pa misitu na milima, ambako vipofu walikuwa wachache, ugonjwa ulidhaniwa kuwa mdogo. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kwamba itaitoa bure dawa iitwayo ivermektini. Hata hivyo dawa ya bure huhitaji gharama za kuifikisha vijijini. Je, ilifaa kutumia fedha mahali ambapo watu hawapofuki sana?

Ndipo wataalamu walipoamua kuwauliza wananchi wenyewe. Walikwenda mahali saba katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Waliwatazama watu ngozi, tena wakawauliza kama wanawashwa. Walifanya vivyo hivyo katika vijiji visivyo na ugonjwa huo. Kwa nini huko pia? Kwa sababu kila mtu hujikuna. Jasho huwasha, na upele huwasha. Bila kulinganisha, mtu angeweza kusema kwamba majibu hayo ni malalamiko ya kawaida tu.

Majibu yalikuwa wazi. Kadiri ugonjwa ulivyozidi mahali, ndivyo walivyozidi watu waliosema wanawashwa. Kati ya watu wenye miaka 20 na zaidi katika sehemu za ugonjwa, 42 katika kila 100 waliwashwa. Muwasho huo uliwanyima watu usingizi na nguvu za kazi, na ngozi iliyoharibika iliwatia aibu. Taarifa ya kwanza ilitolewa mwaka 1995, na Desemba mwaka ule ule mpango mpya ulianzishwa kwa ajili ya nchi zilizokuwa zimeachwa. Taarifa hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu zake.

Mpango huo, uliodumu hadi 2015, ulifika pia eneo la Tukuyu. Wananchi walichagua wagawaji wao, na dozi ilipimwa kwa kimo cha mtu, kwa fimbo yenye alama. Dawa huua vijiminyoo, lakini haiui minyoo mikubwa, kwa hiyo hapana budi kuimeza mwaka baada ya mwaka.

Sasa tuje Iringa. Swali jema la mahali pengine si lazima lifae hapa. Mwaka 1999 ilitangazwa tafsiri ya Kiswahili ya maswali 36 ya afya yaliyotungwa Marekani. Maswali ya asili yalimtajia mgonjwa mchezo wa gofu na kusukuma mashine ya kufagia. Mama wa Iringa anajipima kwa jembe, na kwa ndoo ya maji ya kupandisha mlimani. Tena tafsiri hiyo ilijaribiwa kwa watu wa mjini Dar es Salaam. Mzee ambaye lugha yake ya kwanza ni Kihehe yafaa aulizwe kwanza jinsi alivyolielewa swali, ndipo jibu lake liandikwe.

Vipimo vingine vimetungwa huku kwetu. Chama cha Afrika cha tiba shufaa, chenye makao yake Kampala, kina maswali kumi tu: saba kwa mgonjwa na matatu kwa jamaa wamtunzao. Majibu huenda kutoka 0 hadi 5, hata asiyejua kusoma aweza kuyaonyesha kwa vidole vya mkono. Lakini yule aliyeuliza lazima atende. Mgonjwa akionyesha vidole vitano vya maumivu leo, na wiki ijayo vitano tena, basi matibabu yabadilishwe. Karatasi iliyojazwa na kufungiwa kabatini haimtibu mtu.

Watu wa Rungwe waliwashwa miaka mingi kabla ya muwasho kuingia katika hesabu. Ulipoulizwa kwa utaratibu na kulinganishwa, ukawa ushahidi.

Maswali ya kikundi chenu:

1. Kwa nini wataalamu waliuliza pia katika vijiji visivyo na ugonjwa?
2. Ni kazi gani za kila siku kijijini kwenu ambazo zaweza kuonyesha kama mgonjwa amepata nafuu?
3. Katika zahanati yenu, mgonjwa akisema maumivu hayajapungua, neno lake huandikwa wapi, na nani hulisoma?