Maisha ya Pili ya Pikapu

Mwezi wa Machi mwaka 1968, kampuni ya Toyota ya Japani ilileta sokoni gari dogo la mizigo lililoundwa katika kiwanda cha Hino kilichopo Hamura, magharibi ya mji wa Tokyo, ikalipa jina la Hilux. Na mtu aliyelitazama siku zile, likiwa na injini ya petroli ya lita 1.5, kiti kimoja kirefu cha kukalia watu watatu, na bodi ya kuchukua mzigo wa tani moja, asingaliweza kubashiri kwamba lingekuja kuwa chombo cha kazi cha mkulima wa Mbeya, mchuuzi wa samaki wa Kilwa na mfanyabiashara wa Meru, wala kwamba akthari ya watu hao wasingalipata jipya, bali wangalilipokea baada ya kutumika katika mikono mingine, pengine katika nchi nyingine, kwa miaka kumi au zaidi. Tarikhi zinazoandikwa viwandani aghalabu hukoma siku gari linapouzwa mara ya kwanza. Kwetu siku hiyo habari yenyewe huwa haijaanza.

Kabla ya Hilux kupata heshima, barabara za Afrika Mashariki zilikuwa za Land Rover ya Waingereza na Peugeot 404 ya Wafaransa, na sifa za magari hazikutangazwa kwa maneno matupu, kwa maana yalikuwapo mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ambayo yalipitisha magari katika vumbi na tope la Kenya, Uganda na Tanganyika mbele ya macho ya wanavijiji. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mfululizo 1966, 1967 na 1968, na mara mbili kati ya hizo mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam. Mwaka 1970 Edgar Herrmann akaupeleka ushindi kwa Datsun, na tangu hapo yule aliyekuwa akilidharau gari la Kijapani kwa wepesi wa bati lake alilazimika kunyamaza. Pikapu ndogo za Datsun zikaanza kuonekana, na Hilux ikafuata nyuma yake.

Lakini kuona si kumiliki. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, na hasa baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikuwa adimu hata kuagiza gari likawa jambo la vibali, na pikapu ikawa mali ya serikali, ya mashirika ya umma, ya misheni na ya miradi ya wafadhili, ilhali raia wa kawaida aliijua kwa kuipungia mkono barabarani. Mlango ulifunguliwa na bajeti ya mwaka 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, ambayo iliwaruhusu watu waliokuwa na fedha za kigeni nje ya nchi kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuhojiwa zilikotoka. Wako waliolilaumu jambo lile, wakaona ni kuwasamehe waliozificha fedha. Mimi naona kwamba pasipo ruhusa ile mazao mengi yangaliozea mashambani, maana miongoni mwa vitu vilivyoingia kwa wingi ni magari ya kuchukulia mizigo, na pikapu zilikuwamo.

Zilipofika hazikubaki kama zilivyoundwa. Seremala na mchomeaji vyuma waliongeza mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, wakasimamisha nguzo na kuezeka turubai, na pikapu iliyokusudiwa kubeba tani moja ya mzigo ikabeba binadamu: Dar es Salaam watu wakazipanda na kuziita chai maharage, Unguja ufundi wa bodi za mbao ukakua hata ukawa kazi ya kusifika, na nchini Kenya, ambako Rais Kenyatta alikwisha waruhusu wenye matatu mwaka 1973 kufanya kazi bila leseni maalumu, pikapu zilizojengewa mabanda ya bati zilikuwa miongoni mwa matatu za mwanzo. Huko Meru Hilux za kebini moja zilipewa kazi ya kuchukua miraa kutoka Maua hadi Nairobi, zao ambalo hupungua thamani kila saa inayopita, na kwa sababu hiyo mwendo wa madereva wale ukawa wa kuogofya na ajali zake zikaacha mayatima. Sifa ya gari haina budi kutajwa pamoja na gharama hiyo.

Njia ambayo pikapu zilizotumika zilitufikia ilikuwa imekwisha chorwa na wakoloni bila wao kukusudia. Uingereza ilituachia desturi ya kuendesha upande wa kushoto, na Japani vilevile huendesha kushoto, kwa hiyo usukani wa gari la Kijapani upo pale hasa tunapoutaka. Ongeza juu ya hayo kwamba sheria ya Japani humtaka mwenye gari alipeleke katika ukaguzi wa lazima kwa vipindi maalumu, ukaguzi wenye gharama kubwa, na wengi huona nafuu kuliuza gari lingali zima kuliko kulilipia tena. Magari hayo yakapita minadani, yakapakiwa melini, mengine yakapumzika Dubai mikononi mwa wafanyabiashara waliokuwa na udugu na lugha moja na watu wa pwani yetu, ndipo yakateremshwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Ndugu zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, ambao huendesha upande wa kulia, hawakupata urahisi huo sawasawa nasi. Rwanda ilizuia kuingizwa kwa magari yenye usukani wa kulia mwaka 2005.

Pikapu ambayo mafundi wa makamo huitaja kwa mapenzi hata leo ni ile iliyojulikana kwa namba yake ya kiwandani, LN106, iliyoendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa na dizeli ya lita 2.8 ya aina ya 3L, isiyo na tabo wala kompyuta, yenye pampu ya mafuta ambayo fundi hodari huweza kuifungua mezani akaielewa. Na mbele ilikaa juu ya ekseli nzima na springi za vyuma bapa, hivi kwamba ilimtikisa abiria pasipo huruma lakini haikuvunjika kwa urahisi katika mashimo ya masika. Mashirika ya misaada na miradi ya maendeleo ilizinunua mpya, ikazitumia miaka kadhaa, kisha ikaziuza kwa mnada, na wanunuzi werevu walizipendelea kuliko zilizotoka ng'ambo, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa yamepita hapahapa, na dereva aliyeziendesha angeweza kutafutwa akaulizwa.

Mwaka 2004 ulileta mageuzi mawili kwa pamoja. Toyota ilihamishia Thailand kitovu cha uundaji wa Hilux mpya, tuliyokuja kuijua kwa jina la Vigo, na wakati huohuo ikaacha kuiuza Japani kwenyewe, isirudi huko hadi mwaka 2017. Hivyo chemchemi ya kale ikaanza kukauka, na wanunuzi wetu wakageukia Thailand, nchi inayoendesha kushoto na ambako pikapu ni gari la aila na hutozwa kodi nafuu, na wengine wakageukia Uingereza. Vigo ilikuja na dizeli za lita 2.5 na 3.0 zenye tabo, ambazo mafuta yake husukumwa kwa mgandamizo mkubwa mno kupitia nozeli zinazoamriwa na kompyuta, na nozeli hizo hazivumilii uchafu hata kidogo. Zikakutana na dizeli yetu, ambayo siku zile ilichanganywa na mafuta ya taa na watu wenye tamaa, kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Nozeli zikafa, pampu zikafa, na katika gereji nyingi ikasemwa kwamba magari ya kisasa ni mabovu. Hukumu hiyo haikuwa ya haki. Mwaka 2010 mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka alama katika mafuta ili mchanganyiko ugundulike, na mwaka uliofuata kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa hata faida ya kuchanganya ikatoweka; jambo lililowaumiza maskini waliowasha taa na majiko kwa mafuta hayo, lakini lililookoa injini nyingi.

Anayenunua leo hukabiliwa na adui mwingine, naye ni kutu. Uingereza na kaskazini ya Japani humwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo huila chesisi kutoka ndani, mahali rangi mpya isipofika. Si jambo dogo: mwaka 2008 huko Marekani Toyota yenyewe ilikubali kuwanunulia tena wateja wake pikapu za Tacoma, nduguye Hilux, kwa ajili ya chesisi zilizooza. Kwa hiyo mnunuzi na aanzie chini, alale chali na tochi na nyundo ndogo, agonge chuma karibu na maungio ya springi za nyuma, alinganishe namba iliyopigwa kwenye chesisi na ile iliyo katika kadi, ndipo asikilize injini ikiwashwa ingali baridi. Sauti nzuri ya injini imewapoteza wengi, ilhali injini hupatikana dukani na chesisi yenye namba yake haibadilishwi kirahisi.

Serikali zetu zimejaribu kulinda raia kwa kuhesabu umri: Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania imechagua kuongeza ushuru kadiri umri unavyozidi. Nadhari yangu ni kwamba umri ni kipimo dhaifu, kwani pikapu ya miaka mitano iliyoishi machimboni yaweza kuwa imechoka kuliko ya miaka ishirini iliyotunzwa na mmisionari. Kipimo cha kweli ni kumbukumbu ya matengenezo, na kumbukumbu hiyo tunayo, kwa sababu magari ya umma na ya miradi huandikiwa daftari la safari na hati za matengenezo. Lakini siku ya mnada mnunuzi hukabidhiwa funguo na kadi tu. Nawasihi wakuu wa idara na miradi inayouza magari yake hadharani waamuru daftari na hati hizo ziwekwe juu ya kiti cha dereva kabla ya mnada kuanza, azisome kila atakaye, na ziende pamoja na gari kwa mmiliki wake mpya.