Mkono wa kweli, kibuyu cha hewani

Leo tuangalie historia ya swali moja: ukiwekewa kibuyu cha mursik kinachoonekana kwenye miwani ya uhalisia ulioongezwa tu, utakishikaje?

Ivan Sutherland alionyesha kifaa chake cha kuvaa kichwani mwaka 1968, huko Marekani. Kuona vitu hewani kukawezekana. Kuvishika ndiko kulikosumbua.

Tatizo ni hili. Kibuyu cha kweli hukizuia kidole chako. Cha hewani hakikizuii, kwa hiyo kidole hupenya ndani. Sasa injini ya fizikia, yaani programu inayokokotoa uzito, msuguano na migongano, haikubali vitu viwili vikae mahali pamoja. Huvisukuma vitengane, na kibuyu huchomoka kama mbegu ya chungwa iliyobanwa.

Mwaka 1995 Zilles na Salisbury wa MIT, waliokuwa wakishughulikia vifaa vinavyorudisha nguvu mkononi, walitumia nukta mbili. Moja hufuata kidole hata kikizama. Nyingine hubaki juu ya uso wa kitu. Umbali kati yake huamua nguvu, kama springi.

Mwaka 2008 Andrew Wilson na wenzake wa Microsoft waliugawa mguso wa mkono kwenye meza ya skrini kuwa vipande vingi vidogo, kila kimoja na msuguano wake. HoloDesk ya mwaka 2012 ikalipeleka wazo hilo hewani: kamera ya Kinect iliusoma mkono, na mtu akaweza kuteka mipira isiyokuwepo kwa kiganja.

Kisha mwaka 2016 Leap Motion wakatoa Interaction Engine. Hapo vidole vikizama ndani ya kitu, kanuni za kawaida hulegezwa, na programu hukisia kama umeshika au umeachilia.

Mnaona safari ilikoelekea? Fizikia sahihi peke yake haikutosha. Ilibidi kompyuta isome nia ya mkono.

Jambo hili linatuhusu. Tangu mwaka 2019 MediaPipe ya Google hutambua nukta 21 za mkono kwa kamera ya simu ya kawaida. Lakini kamera moja hukadiria tu umbali, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa mjini anahitaji kanuni hizo zenye huruma kuliko mwenye vifaa ghali. Anza na mchemraba mmoja. Ukishikika bila kuruka, umefika mbali.

Haya, kazi kwenu!