Vimelea vya utumbo kwa wagonjwa wa saratani ya damu

Vimelea vya utumbo ni protozoa na minyoo wanaoishi ndani ya utumbo wa binadamu. Mtu mwenye afya huweza kukaa nao bila dalili. Kwa mgonjwa wa lukemia, limfoma au mayeloma mambo hubadilika, kwa kuwa saratani huvuruga seli za kinga na dawa za kuitibu huzidi kuzipunguza. Protozoa kriptosporidiamu, kwa mfano, humfanya mgonjwa aharishe majimaji kwa wiki nyingi. Klorini haiiui kirahisi, hivyo hata maji ya bomba yafaa kuchemshwa.

Wa kuogopwa zaidi ni mnyoo Strongyloides stercoralis, aliyegunduliwa mwaka 1876 na Louis Normand, daktari wa jeshi la majini la Ufaransa, katika askari waliorejea Toulon kutoka Kochinchina, kusini mwa Vietnam ya leo. Lava wake hupenya ngozi ya anayetembea pekupeku kwenye udongo wenye kinyesi, hupita mapafuni, humezwa pamoja na makohozi, kisha hutulia kwenye utumbo mwembamba. Jike huzaa bila dume. Baadhi ya lava hukomaa humo humo na kutoboa utumbo upya, ndiyo maana maambukizi hayaishi yenyewe: wafungwa wa vita waliojenga reli ya Siam na Burma katika Vita vya Pili vya Dunia walikutwa nayo miongo kadhaa baadaye.

Hatari huanza mgonjwa anapopewa prednisoloni au deksamethasoni, steroidi zinazotumika sana kutibu saratani hizi. Lava huongezeka kupita kiasi, hutawanyika mwilini na kubeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu na utando wa ubongo. Asipotibiwa, mgonjwa ni nadra kupona. Ugonjwa huu hujificha: eosinofili, seli nyeupe za damu ambazo kwa kawaida hupanda mtu akiwa na minyoo, hushushwa na steroidi hizo hizo, na homa hudhaniwa imetokana na tibakemikali. Wenye virusi vya HTLV-1, chanzo cha aina moja ya lukemia ya seli T, wamo hatarini zaidi.

Kifo cha namna hii kinazuilika, na inasikitisha kwamba bado kinatokea. Kipimo kimoja cha choo hakitoshi, maana lava hawatoki kila siku. Kirudiwe, au damu ipimwe kingamwili. Ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, hufanya kazi vizuri kuliko albendazoli inayogawiwa shuleni. Pasipo na maabara, itolewe kabla ya steroidi, isipokuwa penye minyoo wa filaria Loa loa, kama sehemu za Kongo, ambako damu huchunguzwa kwanza kwa sababu ivermektini huweza kudhuru ubongo wa mwenye filaria hao wengi.