Historia ya Uji wa Oti

Vita vya wafalme vimeandikwa katika vitabu vingi, lakini chungu kilicholisha askari wao hakikupata waandishi wengi. Hata hivyo chakula nacho kina historia yake, na aghalabu historia hiyo hufunua mambo ambayo habari za viti vya enzi huyaficha: nani alidharauliwa, nani alidharau, na maarifa gani yalipotea kwa sababu ya dharau hiyo. Insha hii yaeleza habari za nafaka moja, yaani oti, na namna ilivyopikwa katika nchi ya Uskoti hata ikawa chakula chenye ladha na afya. Kusudi lake si kuwasifia Waskoti chakula chao. Ni kuonyesha kuwa afya na ladha ya nafaka hazimo katika punje peke yake, bali zimo pia katika elimu ya mpishi. Na chakula kinapodharauliwa, elimu hiyo ndiyo hufa kwanza.

Yafaa tuanze na jina. Watu wengi huiita oti shayiri, na baadhi ya kamusi hufasiri hivyo. Lakini shayiri ni nafaka nyingine, ambayo suke lake husimama likiwa limeshonana na kuota nywele ndefu; oti, ambayo wataalamu wa mimea huiita Avena sativa, ina mashuke yaliyotawanyika na kuning'inia. Tena shayiri ni mmoja wa mimea ya kwanza kabisa kulimwa na binadamu, hali oti ilianza kama gugu. Iliota pasipo kualikwa katika mashamba ya ngano na shayiri, ikafuatana na mbegu zao kutoka nchi za mashariki mpaka Ulaya. Ilipofika kaskazini, mahali penye baridi, mvua nyingi na udongo hafifu, ngano ilidhoofika, na gugu lile likastawi. Mkulima alipoona hayo, alilipa gugu shamba lake lenyewe.

Watu wa kusini hawakuipa heshima. Plinius wa Roma, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kuwa makabila ya Wajerumani hupanda oti na hawali uji mwingine. Katika karne iliyofuata, tabibu Galenus alisema kuwa oti ni chakula cha wanyama wa kazi, na kwamba watu huila wakati wa njaa kuu tu. Hivyo tangu zamani nafaka hii iliitwa kwa majina mawili: huku riziki, huku malisho.

Katika Uskoti ilikuwa riziki. Jean le Bel, aliyekwenda pamoja na jeshi la Uingereza kupigana na Waskoti katika mwaka 1327, alistaajabu kuona kuwa adui zake hawakuwa na haja ya msafara wa mikate. Kila mpanda farasi alichukua kifuko cha unga wa oti na bamba la kuokea. Jioni alikanda unga kwa maji, akaoka kikate chembamba juu ya bamba lile, akala, akalala. Katika karne za baadaye vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa unga wa oti na maziwa. Wanafunzi maskini wa vyuo vikuu nao walikwenda chuoni na gunia la unga, na vyuo vikuu vya huko viliweka mapumziko ya Jumatatu moja katikati ya muhula, ambayo yasimuliwa kuwa yaliwapa wanafunzi nafasi ya kurudi makwao kujaza magunia yao. Maana yake ni kuwa elimu ya watu wengi maarufu wa nchi ile ilijengwa juu ya bakuli la uji.

Lakini punje ya oti si rahisi kuliwa. Ina kumvi ngumu, na ndani yake ina mafuta mengi kuliko ngano. Humo pia mna kimeng'enya ambacho huyashambulia mafuta hayo mara punje inapovunjwa, na unga ukawa mchungu na wenye harufu mbaya baada ya siku chache. Waskoti wa kale hawakujua jina la kimeng'enya, lakini walijua dawa yake. Kabla ya kusaga, waliitandaza oti juu ya sakafu yenye matundu, wakawasha moto chini yake na kuigeuza mpaka ikauke na kunukia. Joto lile lilifanya kazi tatu kwa pamoja: lilikausha nafaka iliyovunwa katika nchi ya mvua, likaifanya kumvi iwe nyepesi kutoka, na likakiua kimeng'enya, unga ukadumu. Zaidi ya hayo liliipa nafaka ladha kama ya karanga zilizokaangwa. Ndipo ilipopelekwa kwenye kinu cha maji, ikakobolewa, ikapepetwa, kisha ikasagwa kwa daraja mbalimbali: chenga nene, unga wa wastani na unga laini, kila daraja kwa matumizi yake.

Upishi wa uji wenyewe ulitaka saburi. Maji yalichemshwa, unga ukanyunyizwa kidogo kidogo kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ukikoroga pasipo kupumzika. Hawakukoroga kwa mwiko mpana, bali kwa kijiti cha mviringo kisicho na bapa, ambacho hupita katikati ya uji bila ya kuburura, mabonge yasipate kufanyika. Chenga zilirowekwa usiku kucha, zikapikwa nusu saa kwa moto mdogo asubuhi, kipimo kimoja cha chenga kwa vipimo vitatu au vinne vya maji. Chumvi ilitiwa baadaye, punje zilipokwisha kulainika. Uji haukuchanganywa na maziwa chunguni. Kila mlaji aliwekewa maziwa baridi au mtindi katika bakuli la pembeni. Alichota uji wa moto kwa kijiko, akakichovya katika maziwa, akala, na hivyo uji ulibaki moto na maziwa yakabaki baridi mpaka mwisho. Mpaka leo katika kijiji cha Carrbridge, ambako mashindano ya kupika uji yalianza mwaka 1994, uji wa jadi huruhusiwa vitu vitatu tu: oti, maji na chumvi. Kinachoshindaniwa ni mkono wa mpishi.

Aliyekosa nafasi ya kupika hakukosa chakula. Mkulima aliyeamka alfajiri alitia unga katika bakuli, akaumwagia maji yanayochemka, akaukoroga kwa chumvi na siagi kidogo; chakula hicho kiliitwa brosi. Hata makapi ya kinu hayakutupwa. Wishwa ulioshikamana na unga uliloweshwa majini kwa siku kadhaa mpaka ukachacha, maji yakachujwa, na wanga uliotuama chini ukapikwa kuwa uji laini wenye ukali mwanana, ulioitwa soweni. Msomaji aliyelelewa na uji wa kuchachuka wa mtama au wa ulezi hatahitaji kuambiwa zaidi. Mataifa mawili ambayo hayakujuana, moja penye theluji na jingine chini ya jua la Ikweta, yaligundua jambo moja: kuwa nafaka iliyochachuka hupata ladha na huyeyuka tumboni kwa wepesi.

Dharau, hata hivyo, haikukoma. Katika mwaka 1755, Samuel Johnson alitoa kamusi yake mashuhuri ya Kiingereza, na katika maana ya neno oti alieleza kuwa ni nafaka ambayo Uingereza hupewa farasi, lakini Uskoti hulisha watu. Maneno hayo yalichekesha London na kuudhi Edinburgh. Jambo la ajabu ni kuwa kati ya makarani sita waliomsaidia kuandika kamusi ile, watano walikuwa Waskoti. Mzaha wa mwanachuoni mmoja haukuwa na nguvu ya kuua chakula; lakini ulisema wazi kilichokuwa kikifikiriwa na watu wengi, kwamba mwenye cheo hula mkate mweupe na mnyonge hula uji.

Fikira hiyo ilifanya kazi yake katika karne ya 19, watu walipohama mashamba kwenda katika miji ya viwanda. Mjini hapakuwa na ng'ombe karibu, maziwa yalikuwa ghali, na mama aliyetoka kazini kiwandani hakuwa na nusu saa ya kusimama juu ya chungu. Mkate mweupe ulinunuliwa tayari, nao ulikuwa na sifa ya kuwa chakula cha mabwana. Kwa hiyo uji na maziwa viliachwa polepole, mkate na chai ya sukari vikashika mahali pake. Soweni ikatoweka karibu kabisa. Watoto wa Glasgow, waliokosa maziwa na pia jua kwa sababu ya moshi na nyumba zilizosongana, walijulikana kwa ugonjwa wa matege.

Wakati huo huo oti ilivuka bahari. Katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, mhamiaji wa Kijerumani Ferdinand Schumacher alianza kusaga oti katika miaka ya 1850, katika nchi ambako oti ya kuliwa na watu ilinunuliwa hasa kwa ajili ya wagonjwa. Baadaye viwanda viligundua njia ya kufukiza punje kwa mvuke na kuzibana kati ya magurudumu ya chuma mpaka zikawa vipande bapa, ambavyo huiva kwa dakika chache. Alama ya Quaker iliandikishwa mwaka 1877, na kampuni yenye jina hilo iliundwa mwaka 1901. Oti ya kuiva upesi ilitokea mwaka 1922, na ile ya kumwagiwa maji ya moto tu ilitokea mwaka 1966. Kila hatua ilimpunguzia mpishi kazi, na hilo ni neema ambayo mwenye haki hawezi kuikana. Lakini kila hatua ilikuwa na bei yake. Punje inapokatwa na kubanwa sana huyeyuka upesi tumboni, ikapandisha sukari ya damu kwa haraka kuliko chenga. Ladha ya nafaka inapopungua, sukari na manukato hutiwa ili kuijaza nafasi yake.

Sayansi nayo ilikuja kuhukumu kesi hii, na hukumu yake ina pande mbili. Baada ya mwaka 1918, Edward Mellanby aliwalisha watoto wa mbwa nafaka mbalimbali katika uchunguzi wa matege, akaona kuwa oti ilizidisha ugonjwa huo kuliko nyingine, chakula kilipokosa mafuta yenye vitamini, kama vile mafuta ya ini la chewa. Baadaye ilijulikana kuwa nafaka nzima ina asidi ya fitiki, ambayo hufunga chokaa ya chakula mwili usiipate. Waskoti wengi hawakupendezwa na habari hiyo. Lakini tukitazama vizuri, haikuwa hukumu juu ya uji wa jadi. Ilikuwa hukumu juu ya uji uliotengwa na mwenziwe. Bakuli la maziwa lililowekwa pembeni lilileta chokaa, na kuchachua hupunguza asidi ile. John Boyd Orr, Mskoti aliyepata baadaye Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, alithibitisha katika miaka ya 1920 kuwa watoto wa shule wa Uskoti waliopewa maziwa walikua vizuri kuliko wenzao. Yeye na John Gilks walichapisha mwaka 1931 uchunguzi wao wa Kenya juu ya Wamasai, walaji wa maziwa na nyama, na Wakikuyu, walaji wa nafaka na viazi, wakaonyesha kuwa kila upande ulikuwa na maradhi yake. Upande wa pili wa hukumu ulikuja mwaka 1997, serikali ya Marekani ilipokubali kuwa ule utelezi wa oti, uitwao beta-glukani, gramu 3 kwa siku, husaidia kupunguza lehemu mbaya katika damu. Chakula cha farasi kikapandishwa cheo, kikawa dawa ya moyo.

Leo matajiri hununua kwa bei kubwa zile chenga ambazo babu zao waliwaachia vibarua, nao huziroweka usiku kucha kama bibi wa Kiskoti. Tabibu Max Bircher-Benner wa Zurich, mnamo mwaka 1900, aliwapa wagonjwa wake oti iliyorowekwa, tofaa zima lililokunwa, maji ya limau, maziwa na kokwa zilizosagwa, na mlo huo umeenea duniani. Katika nchi za Ghuba, oti hupikwa pamoja na nyama, kitunguu, nyanya na viungo kuwa shurba ya kufuturia katika mwezi wa Ramadhani. Hivyo tabia ya oti si moja: yakubali chumvi na yakubali tunda, yakubali maziwa na yakubali mchuzi. Anayetaka ladha na afya pamoja hana haja ya siri kubwa. Achague chenga au vipande vinene, avikaange kidogo pasipo mafuta vipate kunukia, avipe muda wa maji na muda wa moto, asitie sukari mahali pa subira, wala asisahau mwenzi wa uji, awe maziwa au mtindi.

Basi faida ya habari hizi kwetu ni ipi? Sisi nasi tuna mtama, uwele na ulezi, na masikio yetu yamesikia nafaka hizo zikiitwa chakula cha shamba, cha wakati wa njaa, cha watu wasio na cha kununua. Maneno hayo ni ndugu wa maneno ya Galenus na Johnson. Waskoti walipoacha soweni, hawakuacha makapi tu. Waliacha ujuzi wa karne nyingi, na mabingwa wa maabara wakalazimika kuutafuta upya kwa gharama. Kwetu bado wako wazee wanaojua ni siku ngapi unga wa ulezi huvundikwa, kwa joto gani, na dalili gani huonyesha kuwa umefikia kiasi. Mwanafunzi wa historia anayekwenda likizo na daftari tupu ana kazi mbele yake. Akae karibu na chungu, aulize, aandike, kabla ya daftari hilo kubaki tupu milele.