Mitende ya Madina

Shukrani zote ni zake Mwenyezi Mungu, Mtoaji wa riziki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, riziki inapokuwa haba twapenda kudhani kwamba dhiki imeanza na sisi. Basi leo na tuzitazame nyumba za Madina katika miaka ya mwanzo ya Hijra, tuone jinsi zilivyojilisha.

Mwaka 622 Muhajirina waliingia Madina mikono mitupu. Wengi wao walikuwa wafanya biashara wa Makka, mji ulio katika bonde la mawe lisilo na kilimo. Ansari, wenyeji wao, walikuwa wakulima wa mitende. Ansari wakamwendea Mtume (S.A.W.), wakitaka mitende yao igawanywe baina yao na ndugu zao hao. Mtume hakukubali. Ndipo wakapatana kwa njia nyingine: Muhajirina washike kazi ya shamba, na matunda yawe ya wote. Hivyo mwenye shamba hakupoteza shamba lake, wala mgeni hakula bure. Alikula jasho lake.

Hata hivyo dhiki haikuondoka kwa siku moja. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba ilipita hata miezi miwili bila ya moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, chakula kilikuwa tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani wa Kiansari. Mwaka 627, lilipochimbwa handaki la kuulinda mji, wachimbaji walishinda na njaa. Nyumbani kwa Jabir mlikuwa na pishi moja ya shayiri na mbuzi mdogo tu, naye hakuvificha, bali alimkaribisha Mtume.

Tuitazame nyumba moja kwa karibu. Bibi Asma, binti wa Sayyidna Abubakar, aliolewa na Zubeir ambaye hakuwa na mali ila farasi na ngamia wa kutekea maji. Bibi huyu alimlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi ilipopasuka, akakanda unga. Kuoka mkate hakukujua vizuri, wakamwokea majirani zake, wanawake wa Kiansari. Na kutoka kipande cha ardhi alichopewa Zubeir, alibeba kokwa za tende kichwani mwendo wa theluthi mbili za farsakh, yaani kama maili mbili, ili zipondwe ziwe chakula cha mnyama. Hata kokwa haikutupwa! Zubeir mwenyewe alikiri kwamba mzigo ule wa mkewe ulimwelemea moyoni. Baadaye Sayyidna Abubakar akampelekea bintiye mtumishi wa kumhudumia farasi, naye akaona kama kwamba ameachwa huru.

Wako pia Ansari waliowapa Muhajirina mitende ili wale matunda yake. Mwaka 628, baada ya Khaibar, Muhajirina walipopata cha kuwatosha, waliirudisha mitende ile kwa wenyewe. Msaada haukugeuka kuwa mazoea.

Ndugu Waislamu, hapa tumepata mafunzo matatu. Kwanza, kazi ya shamba si aibu, hata kwa mtu aliyezoea mizani ya duka. Pili, nyumba hujitegemea kwa mikono ya wote. Basi mume asihesabu jasho lake akalisahau la mkewe, ambaye huenda mzigo wake ndio mzito zaidi. Tatu, kujitegemea si kujitenga. Bibi Asma alifanya kazi zote hizo, na bado mkate wake uliokwa na jirani.

Basi mwenye uwanja nyuma ya nyumba na apande japo muhogo na mchicha. Mwenye shamba asilolimudu na apatane na asiye nalo. Na aliyesaidiwa, akipata na arudishe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie ardhi yetu na mikono yetu, na atuepushe na njaa na uchoyo. Amin.